Kijana Haonekani Kanisani. Je, Ameacha Dini?

Wiki moja kabla ya Pasaka, mama yangu mkubwa alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ulikuwa wa dakika nne na ushee, lakini uzito wake wote ulikuwa kwenye sentensi moja: "Watoto wenu wameacha dini, na nyinyi mnawaangalia tu." Mlengwa hakutajwa jina, ila sote tulijua ni mpwa wangu wa miaka 26, anayeishi Kimara, Dar es Salaam, ambaye tangu Krismasi hakuna ndugu aliyemwona kanisani. Ikapita kama saa moja, kisha mlengwa mwenyewe akajibu: "Shikamoo bibi. Nimesikia. Tuombeane."

Jibu hilo lilinichekesha, halafu likanifikirisha. Mtu anatuhumiwa kuacha dini, naye anajitetea kwa kuomba aombewe. Mmoja kati yao, bibi au mjukuu, anatumia neno "dini" kwa maana ambayo mwenzake haitumii. Nadhani ndipo ulipo mzizi wa mkanganyiko tunaousikia kila siku, kwenye daladala, kwenye mahubiri ya Jumapili na kwenye mawaidha ya Ijumaa, kwamba kizazi hiki kimempa Mungu kisogo.

Tuanze basi na maneno, maana lugha yetu yenyewe ina mchango wake katika kutuchanganya.

Dini ni ule mfumo mzima: jina, viongozi, majengo, vitabu, kalenda ya sikukuu, kanuni na michango. Ibada ni matendo: kuswali, kusali, kufunga, kwenda misa. Imani ni kile mtu anachokishika moyoni, ingawa Kiswahili kimeliongezea neno hilo maana nyingine nzuri, kwani mtu akimwonea imani yatima amemhurumia. Mtu anaweza kuwa na kimoja kati ya hivi vitatu bila vingine. Sote tunawajua watu wa ibada wasio na imani kwa maana zote mbili.

Lipo jambo la nne, nalo ndilo gumu kulitaja. Ni ile hali ya mtu kumtafuta Mungu, au kutafuta kitu kikubwa kuliko nafsi yake, bila kulazimika kupitia kwenye ofisi ya mtu yeyote. Tunasema maisha ya kiroho, mambo ya kiroho, chakula cha kiroho. Lakini ukitaka kuligeuza "kiroho" liwe jina la hali yenyewe, kama tunavyotoa utoto kwenye kitoto, unaishia kwenye uroho, na uroho ni ulafi. Hakuna kijana atakayesimama mbele ya baba mkwe mtarajiwa akatangaza kwamba hana dini sana lakini ana uroho. Ndiyo maana vijana huzunguka: "Mimi na Mungu wangu tunaelewana." "Naamini, ila mambo ya kanisa siyo sana." Mzazi anaposikia hivyo, masikio yake yanachukua nusu ya pili peke yake.

Sasa chukua mpira. Mtu anaweza kuwa Yanga damu tangu utotoni na asiwe na kadi ya uanachama. Mwingine kadi anayo na ada analipa, lakini hakumbuki lini mara ya mwisho alikanyaga Uwanja wa Mkapa. Wa tatu hana kadi wala haendi uwanjani, ila timu ikifungwa chakula hakipiti. Wa nne hakosi mechi, na ndiye anayeongoza kuimba kwamba viongozi wa klabu wajiuzulu. Ukisimama nje ya geti ukahesabu vichwa, ukaona vimepungua, huwezi kutangaza kwamba watu wameacha mpira. Umehesabu uwanja. Hujahesabu kadi, hujapima mapenzi, wala hujauliza wanauonaje uongozi.

Kwenye dini pia kuna kadi, uwanja, mapenzi na uongozi. Kadi ni jina unaloandika kwenye fomu: Mkristo, Muislamu, Mhindu. Uwanja ni kuhudhuria. Mapenzi ni imani yenyewe. Uongozi ni kukubali kwamba padri, shehe, mchungaji au nabii anayo mamlaka ya kukuambia uishi vipi. Mtu akikwambia vijana wamebadilika, muulize kwanza anazungumzia kipi.

Kwenye kadi, hali si kama tunavyoambiwa. Kenya huuliza dini kwenye sensa. Mwaka 2009, watu 922,128 walijitaja kuwa hawana dini, kati ya watu takriban milioni 38.6. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, Wakenya walikuwa milioni 47.6, na waliosema hawana dini walikuwa 755,750. Yaani nchi iliongezeka watu milioni tisa, na wasio na dini wakapungua, kutoka kama asilimia 2.4 hadi asilimia 1.6. Hiki ndicho kipindi ambacho simu janja ziliingia mikononi mwa vijana, kipindi tunachokilaumu kwa kila kitu.

Ukiichambua zaidi takwimu hiyo unakutana na jambo lisilotarajiwa. Kaunti iliyoongoza kwa watu wasio na dini mwaka 2019 si Nairobi yenye vyuo vikuu na mikahawa ya kahawa ghali. Ilikuwa Kilifi, yenye zaidi ya watu 146,000 wa namna hiyo, wakati Nairobi ilikuwa na kama 54,000. Kilifi ni nyumbani kwa Mijikenda, wenye misitu mitakatifu ya Kaya ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Fomu ilikuwa na nafasi ya dini za jadi, ni kweli. Lakini mzee aliyefundishwa tangu akiwa mtoto kwamba dini ni ile yenye kitabu, na kwamba anachokifanya yeye chini ya mti ni "mila", akiulizwa na karani ana dini gani atajibu nini? Huu ni usomaji wangu, sensa yenyewe haitoi sababu. Hata hivyo ningesita sana kumwona kila "asiye na dini" kama kijana wa mjini aliyesoma vitabu vya falsafa.

Tanzania hatuna takwimu za namna hiyo kabisa. Swali la dini liliulizwa kwenye sensa kwa mara ya mwisho mwaka 1967, kisha likaondolewa, na mwaka 2012 kulikuwa na mvutano mkali baada ya baadhi ya Waislamu kudai lirejeshwe. Kwa hiyo mtu akikutajia asilimia ya Waislamu na Wakristo nchini, ujue ameitoa kwenye utafiti wa watu wachache waliohojiwa, au kwenye matamanio yake.

Nje ya mipaka yetu, kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kililinganisha mwaka 2018 watu walio chini ya miaka 40 na waliowazidi umri, katika nchi zaidi ya 100. Sehemu kubwa ya Ulaya na Amerika pengo lilikuwa wazi: vijana hawajitambulishi na dini kama wazazi wao. Afrika kusini mwa Sahara pengo lilikuwa dogo sana, na Ghana ilikuwa kinyume, vijana walishika dini kuliko wakubwa wao. Nafikiri hofu yetu nyingi tumeazima. Tunasoma habari za makanisa ya Ulaya yaliyogeuzwa maktaba na mikahawa, kisha tunamtazama kijana wetu aliyelala Jumapili asubuhi, tunaunganisha.

Wapo wasioamini, na si siri. Kenya ina chama chao kilichosajiliwa mwaka 2016, kikasimamishwa muda si mrefu baada ya malalamiko, kisha kikaendelea. Katiba ya Kenya na ya Tanzania zote zinamlinda mtu katika uhuru wa kuamini na wa kutoamini. Ila ukilinganisha na kelele zinazopigwa juu yao, idadi yao ni ndogo.

Kilichotikisika kweli ni uongozi, na hapa lazima twende Kenya ya mwaka 2024.

Juni mwaka ule, vijana walioitwa Gen Z waliingia barabarani kuupinga Muswada wa Fedha. Dunia iliona moshi na Bunge likivamiwa tarehe 25. Kilichozungumzwa kidogo ni kwamba siku mbili kabla, Jumapili tarehe 23, vijana hao hao walikuwa na kampeni ya kuyakalia makanisa. Waliwataka wachungaji waache kuwapa wanasiasa mimbari na kupokea bahasha zao. Kwa miaka mingi Jumapili ya Kenya ilikuwa na sura moja: mheshimiwa anafika na msafara, anakaa mstari wa mbele, anapewa kipaza sauti baada ya mahubiri, anachanga kwenye harambee ya paa la kanisa, anawatukana wapinzani wake, anaondoka. Kanisa la Anglikana lilikwisha kuona aibu hiyo mapema. Septemba 2021, huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia kwenye ibada zake. Vijana wa 2024 walilichukua suala hilo kutoka kwa maaskofu wakalipeleka mtaani.

Matokeo yalionekana Novemba. Rais William Ruto alihudhuria misa katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa zaidi ya shilingi milioni mbili za Kenya kwa ajili ya kwaya na nyumba ya mapadri, na akaahidi nyingine pamoja na basi. Ikumbukwe kwamba Julai mwaka huo huo yeye mwenyewe alikuwa ametangaza kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akaamuru fedha zirudishwe. Kwa mtu aliyekulia kwenye makanisa yetu, askofu kurudisha fedha ya rais ni jambo la kusoma mara mbili ili uamini.

Angalia walichokuwa wakikidai vijana wale. Hawakusema Mungu hayupo. Walisema nyumba ya Mungu isiuzwe. Mtu asiyejali klabu hawezi kuandamana mpaka makao makuu kudai hesabu za mapato ya mlangoni.

Madai ya hesabu hayakutoka hewani. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Waendesha mashtaka wanasema ni ya waumini waliohimizwa na mhubiri wao wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Anakana mashtaka. Kwetu, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa Moshi kwenye mkutano wa injili, wakikanyagana katika kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Waliokufa Shakahola na Moshi hawakuwa watu walioacha dini. Walikuwa watiifu, na kijana aliyetazama habari zile kwenye simu yake akiwa kidato cha nne amekua akijua kwamba utii nao unaweza kuua. Ukimwambia leo "mtumishi kasema", atakuuliza kasema kwa msingi gani.

Kuhusu uwanja, yaani mahudhurio, jibu mara nyingi ni la kawaida kuliko tunavyodhani, na hapa namrudia mpwa wangu.

Tangu miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa maisha ya Kanisa: nyumba kadhaa za mtaa mmoja zinasali pamoja, zinatembelea wagonjwa, zinazikana. Ni utaratibu mzuri sana kwa mtu mwenye nyumba. Kijana aliyepanga chumba kimoja, anayehama kila mwenye nyumba anapopandisha kodi, leo yuko Kimara na mwakani atakuwa Mbagala, hana jumuiya. Ile ya jirani inakutana Jumamosi saa 12 asubuhi. Yeye anauza vifaa vya simu Kariakoo, na Jumamosi ndiyo siku yake kubwa. Kwa wenzetu Walutheri wa KKKT kuna bahasha yenye namba yako ya usharika, na hiyo bahasha ipo kwenu, mkoani, si mjini ulikohamia. Kwa hiyo kwenye daftari la mkoani kijana amepotea, na kwenye daftari la mjini hajaandikwa. Si dini iliyoachwa hapo, ni anwani iliyobadilika.

Nilimuuliza mpwa wangu Jumapili yake inakwendaje. Akaniambia anasikiliza mahubiri ya padri mmoja kwa simu akiwa kwenye mwendokasi, tena si Jumapili tu. Ijumaa moja kila mwezi huenda kwenye mkesha na rafiki yake wa Kipentekoste, "kwa sababu kule wanaomba kwelikweli." Na sadaka? Alichelewa kidogo kujibu. Anaituma kwenye kituo cha watoto yatima, kupitia kundi la vijana wenzake linalotuma picha ya risiti kila mwezi.

Nilimwambia bibi yake akisikia habari ya mkesha wa Kipentekoste atalazwa. Akacheka, akasema hiyo ni kama kuwa na laini mbili: moja ya namba wanayoijua nyumbani, nyingine kwa sababu vifurushi vyake ni vizuri.

Wengi huiona tabia hii ya laini mbili kama ugonjwa mpya ulioletwa na mitandao. Si kweli, na wazee wetu wanajua si kweli. Mwaka 2010 Pew ilichapisha utafiti wa nchi 19 za Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa chache ambazo zaidi ya nusu ya waliohojiwa waliamini kwamba kafara kwa mizimu au wahenga inaweza kuwakinga na mabaya. Hao walikuwa Wakristo na Waislamu wenye kadi zao. Kizazi cha mama mkubwa kilikuwa na misa asubuhi na mganga usiku, mlango wa nyuma, taa imezimwa. Tofauti ya sasa ni kwamba kijana anakwambia waziwazi anakokwenda. Sijui kwa nini uwazi ndio unaotutisha zaidi. Pengine kwa sababu unatukumbusha ile taa.

Tukigeukia upande wa Waislamu, hasa pwani, maelezo ya "vijana wamelegea" yanaanguka kabisa. Huko malalamiko mengi ya wazee ni kwamba vijana wamekaza mno.

Kwa vizazi kadhaa Uislamu wa Waswahili umekuwa na maulidi yanayosomwa Barzanji kwa dufu na mashairi, ziara kwenye makaburi ya masharifu, dhikri za twarika, yaani vyama vya kisufi, kama Kadiria, na hitima ya marehemu inayokusanya mtaa mzima kwenye pilau. Maulidi ya Lamu hadi leo huvuta watu kutoka mbali. Tangu miaka ya 1970 na 1980, wanafunzi waliorudi kutoka vyuo vya Saudia na kwingineko walikuja na hoja kwamba mengi ya haya hayakufanywa na Mtume wala maswahaba zake, kwa hiyo ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Hoja hiyo sasa ipo kwenye simu ya kila kijana. Anasikiliza darsa za masheikh wa Dar, Mombasa na Madina katika foleni moja ya magari. Kisha anarudi nyumbani, bibi yake anapanga hitima ya arobaini, yeye anauliza swali la maneno mawili: "Dalili yake?"

Yaani ipo aya gani, au hadithi gani sahihi, inayoruhusu jambo hili. Bibi hana aya, ana miaka 70 ya kuwaona wacha Mungu wakilifanya. Nimekaa kwenye kikao kimoja cha namna hiyo, Tanga, nikaona pilau inapoa huku mjukuu na babu mdogo wanabishana. Sikuona mtu aliyeiacha dini pale. Niliona watu wawili wanaoipenda kwa njia zisizokaa chungu kimoja. Dada wa kijana yule alikuwa amevaa nikabu. Mama yao, jikoni, alikuwa na kanga mbili tu, na alimwambia binti yake afungue uso, joto litamuua.

Ukiziweka Nairobi na Tanga pamoja, unaona kitu ambacho hesabu ya vichwa haiwezi kukuonyesha. Kijana wa Nairobi anauliza hesabu. Kijana wa Tanga anauliza dalili. Mmoja ataonekana ameasi na mwingine ataonekana amezidi, lakini wote wawili wamekataa jibu lile lile la zamani, kwamba jambo ni sahihi kwa sababu mkubwa amelisema au limezoeleka. Kwa mtazamo wangu hayo ndiyo mabadiliko yenyewe. Mengine ni ratiba na anwani.

Sehemu moja ambako jibu la zamani linagharimu watu ni maradhi ya akili. Msichana halali usiku, hali, analia bila sababu wiki ya tatu. Nyumbani anaambiwa ana upungufu wa maombi, au amerushiwa kitu, au ana jini. Anaombewa, anasomewa ruqya, kile kisomo cha Waislamu cha kuponya, anarudi vilevile, na sasa ameongezewa aibu kwamba imani yake haikutosha. Vijana wengi walioniambia "nimechoka na kanisa" au "sikanyagi tena pale" hawakuanza na swali la kama Mungu yupo. Walianza na siku walipougua na wakaambiwa wanajitakia. Ni haki kusema pia kwamba wapo mapadri, wachungaji na maimamu wanaomshika mtu mkono wakampeleka hospitali na bado wakamwombea, na kwamba maombi yanawapa wengi nguvu ya kumeza dawa. Kijana anaona tofauti kati ya anayemlaumu na anayemshika mkono upesi kuliko tunavyofikiri, na anamfuata huyu wa pili hata akihamia kanisa jingine.

Inabaki hoja ambayo mama mkubwa huiweka mwisho, akiamini haina jibu: "Sisi enzi zetu hatukuwa hivi." Mama mkubwa, kwa heshima zote, huitwa mlokole na majirani zake Wakatoliki, kwa sababu ya kushinda na kanda za mapambio. Na neno hilo lina historia yake. Limetoka Uganda, abalokole, yaani waliookolewa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930 uamsho ulianzia Gahini nchini Rwanda na Namirembe nchini Uganda, ukasambaa Burundi, Kenya na Tanganyika. Wengi wa walioubeba walikuwa vijana. Waliona kanisa la Anglikana limelala, viongozi wake wamezoea vyeo, na dhambi zinafichwa. Walitubu hadharani, wakataja makosa kwa majina, wakawakera wakubwa kupita kiasi. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, Mukono, kiliwafukuza wanafunzi 26 wa uamsho huo, waliokataa kuacha mikutano yao ya maombi ya alfajiri. Nina hakika mahali fulani Uganda kulikuwa na shangazi aliyelalamika mwaka huo kwamba watoto wameharibika, wanasali mno na hawasikii wakubwa.

Nikamwandikia mama mkubwa kisa hicho. Akajibu kwamba walokole walikuwa wanaamka alfajiri kusali, na mjukuu wake anaamka saa nne. Kwa hilo sikuwa na la kusema.

Agosti iliyofuata mpwa wangu akatangaza anataka kuoa. Parokia ya binti, kabla ya kuweka matangazo ya ndoa Jumapili tatu, ilitaka cheti kipya cha ubatizo kutoka Songea alikobatizwa kijana, na barua ya jumuiya. Mwenyekiti wa jumuiya ile ya Songea, ambayo bado inalo jina lake, ni mama mkubwa. Akampigia simu, shikamoo tatu mfululizo, akaeleza shida yake. Bibi akamuuliza swali moja: zaka ya miezi 18 umeipeleka wapi?

Akamtumia picha za risiti za kituo cha yatima, zote, mwezi kwa mwezi. Zikatazamwa usiku mzima, naamini, maana jibu lilikuja asubuhi kabla ya misa ya kwanza, kwenye kundi la ukoo, sote tukasikia: "Nimeziona, mjukuu wangu, Mungu akubariki. Sasa na ya huku itume leo leo, namba ya mhasibu nimekuandikia. Risiti nitakukatia mwenyewe."